Madrasa ya Kawangware na Nyuzi Saba za Kibla

Mtu wa Mombasa akitaka kuelekea kibla, huelekea kaskazini. Mji wetu na Makka vimekaribia kuwa katika mstari mmoja wa longitudo, na tofauti iliyopo haifiki nusu ya nyuzi moja. Mtoto wa Mji wa Kale hukua akijua hivyo bila ya kufunzwa, kama ajuavyo upande ilipo bahari.

Binti wa dada yangu alikwenda bara na ujuzi huo. Anasoma usanifu wa majengo Nairobi, na sasa yumo mwaka wa nne. Alipopewa kazi ya muhula, yaani kubuni jengo dogo la umma katika mtaa wa watu wa kipato cha chini, hakwenda mbali. Alichagua madrasa iliyo karibu na pale anapokaa, Kawangware, sehemu inayoitwa 56 kwa namba ya matatu ziendazo huko. Ni chumba kimoja cha mabati, chenye mikeka, ubao na rafu ya misahafu. Mvua kubwa ikinyesha, kishindo cha paa humshinda maalim sauti, naye hufunga kitabu akangoja.

Kamati ya wazazi ilikuwa imekwisha kuanza kuchanga fedha za jengo la mawe. Waliposikia kwamba yupo mwanafunzi anayetaka kuichora madrasa yao, walimwomba akimaliza awaachie nakala, wao wampelekee msanifu aliyesajiliwa na mhandisi. Hapo kazi ya darasani ikawa amana. Mchoro wake ungepata maksi, lakini pia ungeweza kuwa mahali watakapokaa watoto wa watu.

Baada ya wiki chache alinitumia picha. Nilizionyesha jamaa wote, kwa maana zilipendeza. Palikuwa na jengo la ghorofa moja, kuta za mawe ya kuchonga, nakshi za mbao mfano wa zile za madirisha yetu ya zamani, na mwanga wa asubuhi ukiingia kwa mshazari juu ya mikeka. Chini palikuwa pa wavulana, juu pa wasichana na akina mama. Kwa hesabu yake watoto 80 wangetosha bila ya kubanana.

Zamani msanifu alichora kwa kalamu na rula juu ya karatasi, na akikosea mlango mmoja hufuta katika kila karatasi yenye mlango huo. Programu ya AutoCAD ilipotoka mwaka 1982, kalamu ilianza kuhamia ndani ya kompyuta. Programu za leo zimekwenda mbali zaidi. Hazichori mistari mitupu. Ukuta unaochorwa hujua unene wake, urefu wake na mawe yake. Ukiusogeza mlango katika ramani ya chini, husogea pia katika picha ya mbele, katika picha ya ndani, na katika hesabu ya mbao zitakazonunuliwa. Mwanafunzi mmoja mwenye kompyuta mpakato aweza kufanya kwa usiku mmoja kazi iliyokuwa ikichukua juma zima.

Lakini programu haimuulizi mchoraji kama alichokiingiza ni kweli. Hilo mpwa wangu alilijua siku alipoipeleka picha yake kwa wenyewe. Nilikuwa nimepanda treni kwenda kumtembelea, nikafuatana naye.

Aliyeanza kusema ni maalim. Aliitazama picha kwa muda, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, kibla umekiweka wapi?" Akaonyeshwa ukuta wa kaskazini. Maalim akatabasamu, akasema kwamba mikeka yake haitandikwi hivyo. Huipinda kidogo upande wa mashariki.

Alikuwa na haki. Nairobi iko magharibi zaidi ya Mombasa kwa karibu nyuzi 3 za longitudo, na kwa hiyo kibla chake hakielekei kaskazini kamili, bali hupinda kama nyuzi 7 kuelekea mashariki. Nyuzi 7 zaonekana chache kwenye kioo. Katika chumba chenye upana wa mita 9, zinaufanya mstari wa safu uachane na ukuta kwa zaidi ya mita 1 upande mmoja. Mpwa wangu aliona haya. Kompyuta yake ilikuwa na kila kifaa cha kupimia pembe, lakini hakuwa ameiuliza, kwa kuwa jibu alikuwa nalo tangu utotoni, nalo lilikuwa jibu la mji mwingine.

Maalim alimfunza na njia ya kuhakikisha bila ya kompyuta wala dira. Mara mbili kwa mwaka jua hupita juu kabisa ya Al-Kaaba: mwishoni mwa Mei, takriban tarehe 28, saa 6 na dakika 18 za mchana, na katikati ya Julai, takriban tarehe 16, saa 6 na dakika 27. Saa za Makka na saa zetu za Afrika Mashariki ni zile zile. Wakati huo, simamisha kijiti wima mahali tambarare penye jua. Kivuli kitalala kwenye mstari wa kibla, na kibla ni upande ulio kinyume na kivuli, kule liliko jua. Msomaji aweza kuifanya hesabu hiyo uani kwake na watoto wake wakaona. Mpwa wangu aliifanya tarehe 28 Mei, akauchora ule mstari kwa chaki juu ya sakafu, kisha akaupiga picha na kuuingiza katika mchoro wake.

Baada ya kibla likaja suala la ardhi. Katika kompyuta, kiwanja kilikuwa bapa kama meza. Alikuwa amekichora juu ya picha ya setilaiti, na picha iliyopigwa kutoka juu haionyeshi mteremko wa kiwanja cha mita 9 kwa 14. Takwimu za miinuko zinazopatikana bure mtandaoni nazo hupima kwa vipande vya mita 30 kila upande. Kiwanja chote cha madrasa kingeingia ndani ya kipande kimoja na nafasi ikabaki. Basi fundi mwashi mmoja, baba wa watoto wawili wa madrasa, alileta mpira mwembazamba unaopitisha mwanga, akaujaza maji, akamshikisha mpwa wangu ncha moja naye akashika nyingine. Maji hujisawazisha popote yalipo. Walipomaliza kupima, ilidhihirika kwamba upande wa chini umeshuka kwa mita 1 na sentimita 10. Kama jengo lingejengwa kwa mchoro ule wa kwanza, ingebidi kujaza kifusi na kujenga ukuta mkubwa wa kuzuia udongo, na fedha zilizochangwa zingefukiwa ardhini kabla ya tofali moja kuonekana.

Wa tatu kusema walikuwa akina mama, nao waligusa jambo zito zaidi. Walitaka kujua ghorofa imekaa juu ya nini, na kama moto ukizuka chini, wasichana walio juu watatokea wapi. Ngazi ilikuwa moja.

Hawakuuliza kwa kupenda ubishi. Tarehe 23 Septemba 2019, asubuhi, darasa la ghorofa la shule moja huko Ng'ando, Dagoretti, liliporomoka watoto wakiwa ndani. Wanafunzi 8 walifariki. Ng'ando si mbali na Kawangware, na wapo akina mama waliokwenda kule siku hiyo kuwatafuta watoto wa jirani zao. Kwao neno ghorofa si pambo la picha. Mmoja wao, bibi wa makamo anayeuza mboga karibu na kituo, alimshika mpwa wangu mkono akamwambia, "Mwanangu, umechora vizuri. Lakini mimi mjukuu wangu hatapanda juu."

Usiku ule mpwa wangu hakula. Alinieleza kwamba ghorofa ndiyo iliyokuwa fahari ya kazi yake. Ngazi ile, dirisha lile, mwanga ule. Wanafunzi wenzake wanachora minara. Akiiondoa, atabaki na nini cha kuwaonyesha walimu? Na watoto 80 watakaa wapi?

Sikuwa na jibu la usanifu. Nilimkumbusha tu nyumba ya bibi yake, na vyumba vyake virefu na vyembamba ambavyo alipokuwa mdogo alivilalamikia. Nyumba zetu za mawe, za Mombasa kama za Lamu, zilipata upana wake kutokana na boriti za mikoko. Boriti huchukua mzigo kwa urefu wa karibu mita 3, na fundi wa zamani hakuweza kuuongeza upana wa chumba kwa kutaka tu. Boriti yenyewe ilimwambia mwisho wake. Kompyuta haisemi hivyo. Ukiiambia ichore sakafu ya zege yenye upana wa mita 9 bila ya nguzo, itachora, na itaitia kivuli kizuri. Mzigo wa darasa lililojaa watoto huhesabiwa na wahandisi kuwa karibu kilo 300 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya mita za mraba 50 huhitaji kubeba tani 15 juu ya uzito wake yenyewe. Anayeweza kuithibitisha ni mhandisi mwenye hesabu, na fundi mwaminifu asiyepunguza saruji wala nondo.

Asubuhi yake alirudi kwa maalim, safari hii bila ya picha, akiwa na daftari tupu. Alimwuliza watoto huja saa ngapi. Jibu lake lilikuwa rahisi: wadogo huja asubuhi, na wanaosoma shule huja baada ya Alasiri. Watoto 80 walikuwepo kweli katika daftari la majina, lakini hawakai pamoja hata siku moja. Nafasi iliyohitajika ilikuwa ya watoto 40.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda kwa njia nyingine. Ghorofa ikaondoka. Mteremko uliomtisha ukawa msaada: jengo likagawanywa sehemu mbili, ya juu na ya chini, zikitenganishwa na kiwanda kidogo cha wazi mfano wa kile cha nyumba zetu, na ngazi tatu tu katikati. Kwa kuwa kichochoro cha ubavuni nacho kinateremka sambamba na kiwanja, kila sehemu ilipata mlango wake unaotoka nje moja kwa moja, bila ya mtoto wala mzee kulazimika kupanda kitu. Ukiongeza mlango wa kiwandani, kila chumba kina njia mbili za kutokea.

Zile nyuzi 7 nazo zilipata makazi. Kuta zilibaki kufuata mipaka ya kiwanja, mistari ya safu ikachorwa sakafuni kwa mwelekeo wa kibla, na ile pembe iliyobaki kati ya safu na ukuta ikajengewa kabati za misahafu. Alikuwa ametamani kuchonga zidaka kama za nyumba za Lamu, lakini ukuta wa mawe wa Nairobi wenye unene wa sentimita 20 hauna nyama ya kuchongwa. Si yeye wa kwanza kufikwa na hali hiyo. Huko Dhaka, Bangladesh, msanifu Marina Tabassum alipewa na bibi yake ardhi ya kujenga msikiti, na kiwanja kikawa hakilingani na kibla kwa nyuzi 13. Aliizungusha sehemu ya kusalia ndani ya jengo mpaka ikaelekea sawa, na pembe zilizobaki akazifanya njia za mwanga. Msikiti huo, Bait Ur Rouf, ulikamilika mwaka 2012 na ukapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu mwaka 2016. Mpwa wangu alibandika picha yake juu ya meza yake.

Kompyuta haikuwekwa kando. Ilipewa kazi inayoiweza. Aliiuliza juu ya jua. Nairobi iko karibu sana na ikweta, hivyo jua la mchana huegemea kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba, na siku zote huwa juu. Programu ilimwonyesha kwamba upenu wa sentimita 90 tu hutia kivuli karibu mita 2 za ukuta wa kaskazini au wa kusini wakati wa adhuhuri. Kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazochomwa na jua la asubuhi na jioni, basi huko akapunguza madirisha. Aliiuliza pia juu ya sitara. Mchoro wake wa kwanza ulitazamwa kutoka angani, kama aonavyo mwewe. Sasa aliiweka kamera ya programu kichochoroni, mita 1 na sentimita 60 kutoka chini, kwenye macho ya mpita njia, akafungua milango yote mmoja mmoja ili aone ni nini kitakachoonekana ndani. Mlango wa upande wa akina mama akausogeza ubavuni, kama daka la nyumba ya zamani linavyomzuia mpita njia asitupe jicho mpaka ndani.

Mwisho alifanya jambo ambalo hakuna programu iliyomfunza. Wengi wa akina mama hawakuzoea kusoma ramani ya jengo. Basi siku ya Jumapili, katika uwanja wa jirani, alinyoosha kamba na kumwaga chokaa akaichora madrasa nzima kwa ukubwa wake halisi. Wakaingia kwa milango ya chokaa, wakakaa safu, wakatoka. Yule bibi wa mboga alisimama mlangoni akasema ni mwembamba kwa mtu mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi. Wakaupanua kwa sentimita 20 papo hapo, na jioni ile mlango ukapanuka katika kompyuta pia.

Njia hii ina historia hapo hapo Nairobi, ng'ambo ya Kawangware, katika Kibera. Mwaka 2006 wanafunzi wa usanifu na mipango miji wa Chuo Kikuu cha Harvard, miongoni mwao Mkenya Arthur Adeya, walianzisha Kounkuey Design Initiative, jina lenye asili ya neno la Kithai lenye maana ya kulijua jambo kwa undani na kulizoea. Pamoja na wakazi waligeuza majaa ya taka kando ya mto kuwa viwanja vya watoto na mahali pa kufanyia kazi. Mwaka 2009 vijana wa Kibera wenyewe walipita vichochoroni na vipokezi vya GPS, wakachora ramani ya mtaa wao ambao katika ramani za mtandaoni ulikuwa mtupu. Mradi huo ni Map Kibera. Na baada ya UN-Habitat kuanza kushirikiana na waundaji wa mchezo wa Minecraft mwaka 2012, uwanja wa Silanga huko Kibera ulikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo ambako vijana walipanga kwa mchezo huo uwanja wautakao. Katika yote matatu chombo kilikuwa cha kisasa, na vipimo vilitoka kwa wakazi.

Wazazi wengi huniuliza kama fani hii yamfaa msichana. Nawajibu kwamba inahitaji hesabu, fizikia na mkono wenye subira ya kuchora, na kwamba ni masomo ya miaka mingi. Sheria ya Kenya haimruhusu mtu kujiita msanifu majengo mpaka asajiliwe na bodi, na michoro ya jengo lazima iidhinishwe na kaunti kabla ya jiwe la kwanza. Binti aliye nyumbani aweza kuanza leo bila ya kompyuta: mpeni utepe wa kupimia apime sebule, achore dirisha liko wapi na jua huingia saa ngapi. Kisha mwulizeni bibi yake kwa nini mlango uliwekwa pale.

Mpwa wangu aliikabidhi kazi yake mwishoni mwa muhula. Haina mnara. Nakala moja aliipeleka madrasa, na kamati imeipeleka kwa mhandisi akague msingi na paa kabla ya msanifu aliyesajiliwa kuitia sahihi. Fedha zilizopo zinatosha nusu ya chini tu, na wamekubaliana waanze na hiyo. Kwenye karatasi ya kwanza, pembeni, palipo na mshale wa kaskazini, ameongeza mshale wa pili uliopinda kidogo upande wa kulia, na chini yake ameandika jina la maalim aliyemwonyesha.